Mimba Changa na Hewa Haba

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ndani ya mirija ya uzazi, ambako yai lililorutubishwa hupitisha siku zake za mwanzo, kiwango hushuka hadi kati ya asilimia 2 na 8. Kiinitete kikishajipachika kwenye mji wa mimba hali haiwi nafuu sana: kufikia wiki ya nane, shinikizo la oksijeni kwenye kondo linaloanza kujengeka halifiki milimita 20 za zebaki, ilhali katika ateri za mama mwenyewe linakaribia 100. Mgonjwa wa wodini akipimwa akakutwa hivyo, angewekewa mtungi wa oksijeni bila mjadala. Ndiyo maana takwimu hizi huwatia watu huruma, wakidhani kiumbe huyo mchanga anavumilia tu. Ushahidi wa miongo ya karibuni unaelekea kwingine. Uhaba huo hauji kwa bahati mbaya. Mwili huuandaa na kuulinda, na kiinitete huutumia kama maagizo ya ujenzi. Chenye madhara zaidi ni oksijeni kuongezeka au kupungua nje ya wakati wake.

Ulinzi wenyewe unastaajabisha. Madaktari Eric Jauniaux na Graham Burton wa Uingereza, waliochunguza kondo la miezi mitatu ya kwanza kwa miaka mingi, walionyesha kwamba seli za kondo huingia kwenye midomo ya ateri za mji wa mimba na kuiziba. Damu ya mama haipiti. Kinachochuruzika ni majimaji yaliyochujwa, na chakula kingi cha kiinitete hutoka kwenye tezi za ukuta wa mji wa mimba. Kati ya wiki ya 10 na ya 12 vizibo hulegea, damu huanza kuingia, na shinikizo la oksijeni hupanda kupita milimita 50. Kabla ya hapo moyo, ubongo na viungo vinachongwa, na oksijeni inapotumika kuchoma chakula ndani ya seli huzalisha kemikali kali zinazoweza kukata DNA. Kondo changa bado lina vimeng'enya vichache vya kuzizima kemikali hizo. Kwa nini mwili uharakishe kuliingiza kwenye hatari ambayo halijawa tayari kuikabili?

Lakini kukwepa madhara ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ilifumbuliwa na Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, waliotunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2019. Semenza alikuwa akichunguza jeni ya EPO, homoni ya figo inayohimiza mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, alipokutana na protini iliyopewa jina la HIF. Seli huitengeneza HIF mfululizo na kuiharibu mfululizo, tena ndani ya dakika chache. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya hutumia oksijeni hiyo hiyo kuibandika HIF alama, protini nyingine iitwayo VHL huitambua alama hiyo, na HIF hupelekwa kuvunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, hakuna cha kubandika. HIF husalimika, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuotesha mishipa ya damu, kuingiza sukari zaidi na kuzalisha nguvu bila oksijeni. Ukitazama juu juu utasema kutengeneza na kuharibu hivyo ni ubadhirifu. Fikiria basi dereva wa daladala mlimani, mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye breki: akiachia breki tu, gari limeondoka.

Sasa, panya wa maabara walioondolewa jeni ya HIF-1 alfa, sehemu ya HIF hiyo, hufa tumboni kufikia siku ya 11 hivi, yaani katikati ya mimba yao, moyo ukiwa na kasoro, mishipa ya damu ikiwa imevurugika, na mrija unaozaa ubongo haujafunga. Mama zao walikuwa wakivuta hewa ya kawaida kabisa. Hakuna aliyewanyima oksijeni watoto hao. Walichokosa ni uwezo wa kuusoma uhaba uliokuwepo tangu awali. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi unaouzidi huu.

Mkunga yeyote anaweza kupinga papo hapo: mtoto anayekosa hewa wakati wa kuzaliwa hufa au huumia ubongo. Ni kweli, na jibu liko kwenye umri. Mwaka 2001 Pamela Padilla na Mark Roth, huko Seattle, waliviweka viinitete vya samaki aina ya zebrafish mahali pasipo oksijeni kabisa kwa saa 24. Seli ziliacha kugawanyika, moyo ukasimama, na oksijeni iliporudi viliendelea kukua. Vilivyokuwa vimekomaa zaidi havikuwa na uwezo huo. Ubongo wa mtoto wa miezi tisa hauwezi kusimamisha kazi ukasubiri.

Pingamizi la milimani, ambako oksijeni ni haba, ni gumu kidogo. Huko Colorado, uzito wa watoto wanaozaliwa hupungua kwa takriban gramu 100 kila mita 1,000 za kupanda. Ila uzito huo hujengwa zaidi miezi ya mwisho, kondo likiwa limekwisha kufunguliwa na mtoto akitaka oksijeni nyingi. Moshi wa sigara au wa jiko la mkaa nao usitafutiwe hifadhi humu: kaboni monoksidi hukamata himoglobini ya mama na ya mtoto, kwa miezi yote, bila kufuata ratiba ya mwili.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linahusu mimba zinazoharibika. Jauniaux na wenzake waliona kwamba katika nyingi ya hizo damu ya mama iliingia mapema mno na kusambaa kote kwenye kondo. Je, oksijeni ndiyo iliyoua, au kiinitete chenye kasoro za kromosomu kilishindwa kutengeneza vizibo imara? Mara nyingi huenda ni hilo la pili, kwa hiyo ushahidi huu peke yake hautoshi. Ushahidi wa upandikizaji mimba ndio unaosaidia, kwa kuwa hapo oksijeni hubadilishwa kwa makusudi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012, yaliyolinganisha viinitete vya binadamu vilivyokuzwa kwenye oksijeni ya hewa ya kawaida na vile vya asilimia 5 hivi, yalikadiria kwamba kliniki yenye mafanikio ya kuzaa ya asilimia 30 ingeweza kufikia kati ya asilimia 32 na 42 kwa kushusha oksijeni tu. Gharama yake ni kabati maalumu la kukuzia viinitete na mitungi ya naitrojeni ya kuisukuma oksijeni nje, na wanandoa wanaolipia huduma hiyo wana haki ya kuuliza kama kliniki inavyo.