Bango la Normandie: la asili ni lipi?

KATIKA minada ya mabango ya zamani ya meli za abiria, jina la A.M. Cassandre bado linauza. Mchoraji huyu, aliyezaliwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1901, alifanya kazi Paris. Bango lake maarufu ni la Normandie, meli ya Ufaransa iliyoanza safari za New York mwaka 1935 na kuungua huko huko mwaka 1942. Omo inamkabili mtazamaji kama ukuta wa ghorofa. Ndege wadogo walio chini ndio wanaoonyesha ukubwa wake.

Mwekezaji mdogo ajihadhari. Picha hii imechapwa upya mara nyingi mno, na nakala hizo ni pambo tu. Bango la mwaka 1935 ni la litografia, lenye ukubwa wa takriban sentimeta 100 kwa 62. Chukua kioo cha kukuzia: vitone vilivyojipanga safu safu ni dalili ya chapa ya ofseti, yaani nakala. Kingo zilizopunguzwa kwa mkasi hushusha bei. Kubandikwa kitambaa kwa nyuma si dosari. Madalali wenyewe hufanya hivyo kuhifadhi karatasi.