Mwanzo kokochi: Kwa nini mechi za mwanzo wa ligi huwachanganya mashabiki

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

KILA Ligi Kuu ya soka Tanzania Bara inapoanza, mazungumzo katika vijiwe vya kahawa vya mji huu mkongwe hubadilika. Bei ya samaki na nauli ya kwenda Dar es Salaam huwekwa kando, na swali linabaki moja tu: nani bingwa?

Cha kushangaza ni kwamba swali hilo huulizwa na kujibiwa wakati timu zimecheza mechi tatu au nne tu. Shabiki wa Simba ambaye timu yake imetoka sare ugenini hulala akiamini kuwa msimu umekwisha. Mtani wake wa Yanga, ambaye timu yake imeshinda mara tatu mfululizo, hutembea kifua mbele kana kwamba kombe limekwishafika Jangwani.

Hali ni hiyo hiyo ukiifuata barabara ya kuelekea Dar es Salaam, kupitia Zinga, Kerege na Mapinga hadi Bunju na Tegeta. Katika vibanda umiza, kocha husifiwa kipindi cha kwanza na kufukuzwa kipindi cha pili. Wapo wanaonuniana na ndugu zao wiki nzima, na wapo wanaotia fedha za matumizi ya nyumbani kwenye mikeka ya kubashiri kwa sababu tu timu fulani imeanza vizuri.

Je, mechi hizo za mwanzo husema ukweli? Kumbukumbu za misimu ya karibuni zina jibu ambalo huenda lisimfurahishe shabiki mwenye haraka.

Oktoba ya 2020

Msimu wa 2020/21, uliokuwa na timu 18, ni somo tosha. Azam FC ilishinda mechi zake zote saba za kwanza na kukaa kileleni. Wengi waliamini kuwa mwaka huo ulikuwa wa Wanalambalamba.

Yanga nayo ilianza bila kupoteza. Hata hivyo, kocha wake Mserbia, Zlatko Krmpotić, aliondolewa Oktoba 3, 2020, baada ya timu kuifunga Coastal Union mabao 3-0. Alikuwa ameiongoza katika mechi tano za ligi, akashinda nne na kutoka sare moja.

Simba, iliyokuwa bingwa mtetezi, ndiyo iliyoonekana kuzama. Oktoba 22 ilifungwa 1-0 na Tanzania Prisons mjini Sumbawanga. Siku nne baadaye ikafungwa tena 1-0, safari hii jijini Dar es Salaam na Ruvu Shooting, timu ya mkoa huu wa Pwani iliyokuwa na maskani yake Mlandizi. Pointi sita zilipotea katika muda wa siku tano, na katika vijiwe hukumu ilikwishatolewa.

Mwisho wa msimu ulikuwa tofauti kabisa. Azam ilimaliza ya tatu, tena kocha wake, Aristica Cioabă, alikuwa ameondoka tangu Novemba. Yanga ilibaki bila kufungwa hadi Machi 2021, ilipolala 2-1 mbele ya Coastal Union mjini Tanga, na siku chache baadaye kocha Cedric Kaze akafukuzwa. Simba ikatwaa ubingwa kwa pointi 83.

Hapo ndipo penye siri ya hesabu. Timu iliyocheza mechi 34 ingeweza kupata pointi 102. Simba, pamoja na ubingwa wake, ilipoteza pointi 19. Sita kati ya hizo, karibu theluthi moja, zilipotea katika siku zile tano za Oktoba ambazo mashabiki waliziona kuwa ni kiama.

Hii ina maana kwamba hata bingwa huwa na akiba ya pointi za kupoteza. Shabiki hajui mapema akiba hiyo itatumika lini. Ikitumika mwanzoni, yeye huona msiba, na ikitumika Aprili, wakati timu ina pengo kubwa kileleni, haoni kitu.

Siku tano za Novemba

Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya Yanga. Katika msimu wa 2024/25 ilishinda mechi nane za kwanza za ligi bila kuruhusu hata bao moja. Kisha Novemba 2, 2024 ikafungwa 1-0 na Azam, na Novemba 7 ikafungwa 3-1 na Tabora United. Novemba 15, kocha Muargentina, Miguel Gamondi, akaondolewa.

Tangu siku hiyo hadi ligi ilipokwisha, Yanga haikupoteza mechi nyingine ya ligi. Ilitoka sare mara moja tu, Februari 10, 2025, dhidi ya JKT Tanzania katika Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni, si mbali na barabara hii ya Bagamoyo. Ilimaliza na pointi 82 kati ya 90 na kuwa bingwa. Kati ya pointi nane ilizopoteza msimu mzima, sita zilikwenda katika siku tano za Novemba.

Sababu za kupotosha

Zipo sababu kadhaa zinazofanya mechi za mwanzo zipotoshe. Ya kwanza ni uchache wake. Katika ligi ya mechi 30, mechi tano ni sehemu moja ya sita. Penalti moja iliyokoswa au kadi nyekundu moja hutosha kubadilisha sura nzima ya msimamo.

Ya pili ni viporo. Timu zinazoiwakilisha nchi katika michuano ya Afrika huahirishiwa mechi za ligi, na msimamo ukaonyesha timu moja imecheza mechi nane na nyingine tano. Anayesoma pointi bila kutazama safu ya mechi zilizochezwa hujidanganya mwenyewe.

Ya tatu ni ratiba. Timu inayoanza kwa kucheza nyumbani na timu dhaifu huonekana imara kuliko ilivyo. Tena ligi yetu huanza kusi likielekea ukingoni, ikapita vuli na kaskazi, kisha ikamalizikia wakati wa masika au baada yake. Uwanja mkavu wa Septemba si uwanja wa matope wa Aprili.

Ya nne ni ugeni wa wachezaji. Usajili wa kila mwaka huleta nyota ambao hawajazoeana, na wakati mwingine kocha ambaye bado anajifunza majina yao.

Wenzetu wa Marekani wana kipimo kizuri cha jambo hili katika mchezo wa besiboli, ambao kila timu ya ligi yao kuu hucheza mechi 162 kwa msimu. Mwaka 2019, timu ya Washington Nationals ilikuwa imeshinda mechi 19 na kupoteza 31 kati ya 50 za kwanza. Hiyo ni karibu theluthi moja ya msimu, sawa na mechi kumi katika ligi yetu. Mwaka huo huo timu hiyo ilitwaa ubingwa.

Si bure kabisa

Hata hivyo, ingekuwa kosa kumwambia shabiki kuwa mechi za mwanzo hazina maana. Septemba 25, 2021 Yanga iliifunga Simba 1-0 katika mchezo wa Ngao ya Jamii, kisha Simba ikaanza ligi kwa suluhu na Biashara United mjini Musoma. Walioona dalili mbaya hawakukosea. Oktoba hiyo hiyo Simba ilitolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kocha Didier Gomes akaondoka, na Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi ya ligi.

Pia pointi ya mwanzo ina uzito ule ule wa pointi ya mwisho. Oktoba 19, 2024 Simba ilifungwa na Yanga 1-0 kwa bao la kujifunga. Msimu ulipokwisha, Yanga ilikuwa na pointi 82 na Simba 78. Kama Simba ingeshinda siku ile na mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa, ingemaliza na pointi 81 na Yanga 79. Kilio cha siku ile kilikuwa na haki yake.

Kwa hiyo mambo mawili yasichanganywe. Pointi iliyopotea mapema ni hasara ya kweli. Hukumu inayotolewa mapema ndiyo isiyoaminika.

Shabiki anayetaka kupima timu yake kwa haki ahesabu pointi zilizopotea badala ya zilizopatikana, kwani hesabu hiyo haidanganywi na viporo. Atazame timu ilicheza na nani na wapi. Aangalie pia kama inatengeneza nafasi za kufunga na kama ukuta wake unavuja, maana timu inayokosa mabao kumi huweza kuyapata kesho, lakini isiyofika kabisa golini ina ugonjwa mkubwa zaidi.

Na fedha ya unga isiwekwe kwenye mkeka kwa ushahidi wa mechi nne.

Wazee wa pwani walikwishasema kuwa mwanzo kokochi, mwisho nazi. Mkulima wa minazi hapa Bagamoyo anajua kuwa kabla ya nazi kuna kitale, dafu na koroma, na kwamba mengine hupukutika njiani. Haangui Oktoba kwa sababu jirani yake ameanza kushangilia.