Meli zikivuna, tusikimbilie kushangilia

Mwaka 2022 kampuni ya meli ya Maersk, yenye makao makuu Copenhagen, ilikusanya mapato ya dola bilioni 81.5 za Marekani. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekusanya bilioni 61.8. Anayezisoma tarakimu hizo peke yake atasema biashara ya dunia ilinawiri, viwanda havikulala na makontena yalipangwa melini hadi pomoni. Kumbe mwaka huohuo shehena iliyobebwa na meli za Maersk ilipungua kwa karibu asilimia 9. Mzigo umepungua, fedha zimeongezeka.

Wachumi hupenda kuyachungulia mapato ya usafiri wa majini, na wana sababu. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zinazouzwa baina ya mataifa, kwa ujazo, hupita baharini. Marekani huyafuatilia mapato hayo kila robo mwaka kupitia Ofisi yake ya Sensa. Hoja ya wachumi ni nyepesi: mzigo hausafiri bila mnunuzi, basi meli zikipata, watu wananunua.

Tatizo ni kwamba mapato ni mzigo mara nauli, na nauli ina wazimu wake. Wakati wa Uviko-19 bandari zilisongamana, makontena matupu yakakwama yasikohitajika, na Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Kufikia Septemba mwaka huo, kontena la futi 40 kutoka Shanghai hadi Los Angeles lilikuwa likisafirishwa kwa zaidi ya dola 10,000. Wenye meli walivuna kwa sababu njia zilikuwa mbovu, na aliyelipia ubovu huo ni mnunuzi wa dukani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Biashara na Maendeleo, UNCTAD, lilikadiria kwamba nauli hizo zingepandisha bei za walaji duniani kwa asilimia 1.5, na katika visiwa vidogo vinavyoendelea kwa asilimia 7.5. Mambo yalipotulia mwaka 2023, mapato ya Maersk yakashuka hadi bilioni 51.1. Mwishoni mwa mwaka huo Wahouthi wa Yemen wakaanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, nyingi zikalazimika kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na nauli zikapaa tena.

Isitoshe, ndani ya kapu hilohilo la "usafiri wa majini" wamo pia watalii. Carnival, kampuni kubwa ya meli za starehe, ilipata dola bilioni 20.8 mwaka 2019. Mwaka 2021 ikaambulia bilioni 1.9. Huo ndio mwaka Maersk ilipokuwa ikichekelea. Ukizijumlisha mbili hizo, jibu lako halielezi bandari wala ufukwe.

Wapo wanaokimbilia faharasa ya Baltic Dry ya London, inayopima nauli za meli za mizigo ya kichele kama chuma ghafi, makaa ya mawe na nafaka. Sifa yake kama kipimo cha uchumi ni ya kweli: Mei 2008 ilifika 11,793, na Desemba ikawa imeporomoka hadi 663, uchumi wa dunia ukiwa shimoni. Lakini Februari 2016 ilishuka hadi 290, chini kuliko wakati wa msukosuko ule, ingawa dunia haikuwa katika mdororo kama huo. Meli zilikuwa zimeundwa nyingi kupita shehena iliyokuwepo.

Na sisi wa pwani hii? Mapato ya mabilioni ya kampuni za meli huishia Copenhagen, Geneva na Marseille. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilianzisha shirika la pamoja la meli; mwaka 1980 likafilisiwa. Tangu hapo sisi ni walipaji wa nauli zaidi kuliko wapokeaji, kwa hiyo habari njema ya mwenye meli mara nyingi ni habari mbaya katika masoko ya Kariakoo na Kongowea.

Kwetu kipimo cha maana kimo gatini: tani ngapi zimeshushwa, ngapi zimepakiwa, na ni kiasi gani cha shaba ya Zambia na Kongo kimepitia Dar es Salaam, au cha shehena ya Uganda kupitia Mombasa. Hata mapato ya bandari zenyewe yanahitaji jicho kali, hasa pale tozo zinapopangwa kwa dola. Shilingi ikidhoofu, mapato kwa shilingi huongezeka bila boksi moja la ziada kuteremshwa. Basi waandishi wenzangu, siku mamlaka za bandari zikitangaza rekodi ya mapato, msiandike kichwa cha habari kabla ya kuuliza tani.