Kula Nyama na Kuwahurumia Nyama



Waseminari wa filozofia wametuletea swali. Mumoja wao alianza kukataa nyama mezani, hata siku za sikukuu, akisema ya kuwa anahurumia viumbe vya Mungu. Wenzake walimucheka. Wengine wakauliza: mutu huyu anafuata Injili, ao anaipita? Tuliwaambia waache kucheka, wafikiri kwanza. Na sisi vilevile tumelazimika kufikiri, maana padri ataulizwa mambo haya na vijana wa miji yetu.

1. Wanaokataa nyama wanasema nini?

Mwaka 1944, katika inchi ya Uingereza, Donald Watson na wenzake walianzisha chama cha watu wasiokula nyama, wala samaki, wala maziwa, wala mayai. Watu hao wanaitwa vegani. Zamani mbele yao, mwaka 1789, Mwingereza Jeremy Bentham alikwisha kutoa wazo hili: tusiulize kama nyama wanaweza kufikiri ao kusema, tuulize kama wanaweza kuumia. Mwaka 1975, Peter Singer, mwalimu wa filozofia wa Australia, alishika wazo lile. Kwake yeye, maumivu yanayolingana yanapaswa kuhesabiwa sawasawa, yakiwa ya mutu ao ya nyama. Mwaka 1983, Tom Regan wa Marekani alikwenda mbali zaidi, akafundisha ya kuwa nyama wana haki zao wenyewe.

Kuna ukweli katika malalamiko yao. Katika inchi za utajiri, kuku wanafugwa kwa maelfu ndani ya nyumba moja, wasione jua hata siku moja. Wale wa mayai walifungwa ndani ya vitundu vya chuma vidogo sana, wasiweze kunyoosha mabawa. Umoja wa Ulaya ulikataza vitundu vya namna hiyo tangu mwaka 2012, na waliopigania sheria ile walitenda vema. Jambo hili si la mbali. Kuku wa barafu wanaouzwa katika masoko yetu wanatoka mara nyingi ngambo ya bahari, katika ufugaji wa namna hiyo.

2. Maandiko Matakatifu na Eklezya

Katika sura ya 1 ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anawapa watu mimea kuwa chakula. Ni nyuma ya garika tu, katika sura ya 9, anawaruhusu kula nyama, lakini anawakataza damu, maana uzima ni mali yake. Basi ruhusa ile ilikuja na mupaka. Sheria ya Musa iliagiza ngombe na punda wapumzike siku ya Sabato, na ngombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Mezali, sura ya 12, inafundisha ya kuwa mutu wa haki anaangalia uzima wa nyama wake. Yezu mwenyewe alisema ya kuwa Mungu hasahau hata shomoro mumoja. Lakini nyuma ya kufufuka, alikula samaki mbele ya mitume. Kwa hiyo kula si zambi.

Eklezya imeshika njia hiyo. Katika karne ya 4, sinodi ya Gangra iliwahukumu watu waliosema ya kuwa mukristu anayekula nyama hana tumaini la wokovu. Hata hivi, Mutakatifu Benedikto aliwaagiza wamonaki wake waache nyama ya viumbe vya miguu mine, isipokuwa wagonjwa wazaifu. Tuangalie hekima hii: kujinyima ni kuzuri, lakini mugonjwa apewe.

Mutakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa mutu anaweza kuua nyama kwa faida yake. Lakini tena alisema ya kuwa anayewahurumia nyama anakuwa tayari zaidi kuwahurumia watu. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2416 mpaka 2418, inatuambia mambo matatu. Nyama ni viumbe vya Mungu, tunapaswa kuwatendea wema. Kuwatesa ao kuwaua bure ni kinyume cha heshima ya mutu. Na feza inayopaswa kwanza kusaidia watu katika taabu, isitupwe kwa ajili yao. Papa Fransisko alikumbusha mafundisho hayo mwaka 2015, katika barua yake Laudato si’.

Basi, nyama wana haki kama sisi? Hapana. Mwenye haki kamili ni yule mwenye akili na utashi, anayeweza kujibu juu ya matendo yake. Chui akimuua mbuzi, hatumupeleki mbele ya tribinali. Lakini hapa wengine wanakosea, wakifikiri ya kuwa tuko huru kutenda tunavyotaka. Ni kinyume. Kwa sababu chui hawezi kujibu, na sisi tunaweza, Mungu atatuuliza sisi.

3. Na kwetu sisi?

Katika luga yetu, kiumbe na chakula vina jina moja: nyama. Jina hilo halitudanganyi, maana linatukumbusha ya kuwa kilicho ndani ya sahani kilikuwa na pumzi. Lakini linaweza kutuzoeza vibaya, tukimuona kiumbe tuone chungu tu.

Tusiwatwike masikini muzigo wa watu wengine. Vitamini B12, inayosaidia damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika mimea. Vegani wa Ulaya anaitafuta katika vidonge ao katika vyakula vilivyoongezwa vitamini ile. Mama wa kijiji anayelisha watoto bugali ya muhogo na sombe ataipata wapi? Tumeona watoto wenye kwashiorkor, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi. Kwao yai moja, maziwa kidogo, ao sambaza za ziwa la Kivu ni rehema ya Mungu. Anayewakataza chakula hicho hajui huruma.

Vilevile kuwalinda nyama pasipo haki kwa watu ni kazi yenye kilema. Katika miaka ya 1970, Watwa waliondolewa katika pori la Kahuzi-Biega kwa ajili ya kulinda sokwe wakubwa. Sokwe wale ni hazina, na walinzi wengi wa mapori yetu wamekufa kazini. Lakini familia zilizopoteza pori lao pasipo shamba lingine, zilibeba bei ya kazi ile peke yao.

Hata hivi, umasikini hautupi ruhusa ya ukali. Mbuzi anafungwa miguu juu ya kinga tangu asubui mpaka jioni, pasipo maji. Kuku wananinginia vichwa chini kando ya motokari. Mutego wa waya unasahauliwa porini, nyama anakufa pole pole na kuoza, wala hakuna anayemula. Mambo hayo hayamushibishi mutu hata mumoja. Hayo ndiyo tunayoita zambi, na juu yake tunahubiri mara chache.

Basi, jibu letu kwa waseminari ni hili. Anayeacha nyama aiache kwa unyenyekevu, asimuhukumu anayekula, na sehemu yake aipeleke kwa mwenye njaa. Anayekula amushukuru Mungu, asimucheke ndugu yake. Na wote wawili, siku ya sikukuu ya parokia, waende nyuma ya jiko waangalie mbuzi aliyeletwa: kama amefungwa vizuri, kama amepewa maji, na kama kisu kimenolewa.