Dawa ikae kwenye gunia, isiingie kwenye unga

Bakuli la plastiki likishatiwa mchuzi wa mafuta wenye binzari, lisugue utakavyo, umanjano hautoki. Rangi ya binzari hupatana na mafuta kuliko maji, na plastiki nayo ina tabia za mafuta, kwa hiyo rangi imezama humo. Viuatilifu vingi vya wadudu wa ghalani vina tabia hiyohiyo. Plastiki inayozuia maji si lazima izuie dawa.

Wamarekani waliona jinsi dawa inavyopenya vifungashio katikati ya karne iliyopita, walipopaka magunia ya karatasi dawa ya pareto, ua ambalo Kenya iliongoza kulilima kwa miaka mingi, pamoja na piperonili butoksaidi inayoipa pareto makali. Wadudu walizuiwa kweli. Ila ile kemikali ya pili haikutulia nje. Ilipenya tabaka kwa tabaka hadi kwenye unga. Jibu mojawapo likawa selofeni. Hiyo hutokana na miti, haipatani na mafuta, na ikibandikwa pamoja na plastiki dawa hugota hapo. Hata hivyo kanuni zao ziliruhusu mifuko ya namna hiyo kwa chakula kikavu chenye mafuta yasiyozidi asilimia 4. Karanga, ambayo karibu nusu yake ni mafuta, ingeivuta dawa kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Siku hizi kuna salfeti ambazo nyuzi zake zimechanganywa na deltamethrini tangu kiwandani, na ndani yake mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Dawa humkabili dumuzi anayetoka nje. Chakula kinalindwa na ule mfuko wa ndani. Ukichanika, umebaki na gunia lenye dawa tu.

Mifuko ya PICS, iliyoanzia kwenye kunde za Kameruni mwaka 1987, iliukwepa mzozo wote: mifuko miwili ya plastiki ndani ya salfeti, bila tone la dawa. Wadudu waliofungiwa humo humaliza oksijeni wakafa. Kwa familia yenye magunia matano chumbani, mimi ningechagua hiyo, mradi nafaka imekauka vizuri.

Na tafadhali, usipulizie dawa salfeti ya kawaida ukidhani unaongeza kinga. Ina matundu, na mahindi yako yapo upande wa pili wa uzi.