Kuua Paka kwa Sumu Hakupunguzi Idadi Yao

Wakazi wa mji wa Lamu wamezoea kuishi na paka barazani, sokoni, kwenye gati na juu ya mapaa ya makuti. Wengi wa paka hao hawana mwenyewe, lakini wana mtaa, na kila mtaa una watu wanaowatupia vichwa vya samaki jioni na wanaowafukuza kwa ndara asubuhi. Mara nyingi ni watu wale wale.

Malalamiko nayo hayabadiliki: kelele za usiku, kinyesi uani, mifuko ya taka iliyopasuliwa. Suluhisho linalotajwa upesi ni sumu. Ni suluhisho baya, na sababu yake iko katika maumbile ya paka mwenyewe.

Paka wote wa nyumbani duniani, wa Lamu wakiwemo, wametokana na paka-mwitu ambaye bado anapatikana Afrika na Mashariki ya Kati, Kenya ikiwemo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha hivyo. Katika kisiwa cha Cyprus, wanaakiolojia walifukua kaburi la miaka ipatayo 9,500 iliyopita na kukuta mtu amezikwa karibu na paka. Binadamu alipoanza kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Hakuna aliyemfunga kamba. Baadaye vyombo vya baharini vilimbeba ili alinde shehena, na bandari ya kale kama Lamu haikukosa kupokea abiria wa aina hiyo. Wageni hupenda kusema kwamba paka wa hapa, kwa miguu yao mirefu na miili myembamba, ni wale wa sanamu za Misri. Mfanano upo, lakini mfanano peke yake si ushahidi wa asili.

Kwa kuwa alijileta mwenyewe, paka hushikamana na mahali penye chakula kuliko anavyomfuata mtu. Paka-mwitu huishi peke yake. Paka wa mjini huvumilia wenzake pale tu chakula kinapotosha wote, ndiyo maana huonekana kumi penye mabaki ya samaki na mmoja tu kwenye uchochoro uliofagiwa. Majike wenye undugu huweza hata kunyonyeshana watoto.

Hapo ndipo sumu inaposhindwa. Ukiua paka watano wa mtaa mmoja na jaa likabaki wazi, chakula cha watano hao kinabaki pia. Paka wa mitaa ya jirani huhamia, na watoto wa waliosalia hushiba na kukua. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano hivi, huibeba kwa takriban wiki tisa, na anaweza kushika nyingine kabla hajaachisha kunyonyesha. Baada ya miezi michache mtaa una paka kama awali, ila sasa ni wageni wanaopigania mipaka, na kelele zimezidi. Tena, chambo chenye sumu hakichagui: kuku hukila, na mtoto mdogo hukiokota. Kumpa mnyama sumu kwa makusudi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Wapo wakazi ambao hawahitaji sheria hiyo; hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula wameisikia tangu chuoni.

Kinachopunguza idadi ni mambo mawili yakifanywa pamoja. La kwanza ni taka: matumbo ya samaki yafukiwe au yatiwe kwenye pipa lenye kifuniko. La pili ni kuwafunga paka uzazi, kazi inayofanywa na daktari wa wanyama, kisha kuwarudisha pale pale walipotoka. Paka aliyefungwa uzazi hulinda eneo lake dhidi ya wageni, hazai, na dume hupunguza kupigana na kunyunyiza mkojo ukutani. Ni njia ya polepole. Anayetaka mtaa uwe bila paka kufikia Ijumaa hatairidhia.

Jambo lisilopaswa kungoja ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa huu linapotosha, kwani paka pia huupata na kuueneza, ingawa visa vingi vya binadamu hutokana na mbwa. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema, mtu hupona. Paka mwenyewe, ikiwezekana bila hatari, afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10 badala ya kuuawa, lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe. Watoto wengi huficha mkwaruzo kwa kuogopa kufokewa. Wasifokewe.

Watoto hao pia wafundishwe kumsoma paka. Mkia uliosimama wima ni salamu. Masikio yaliyolazwa na mkia unaopigapiga ni onyo. Kukoroma si furaha siku zote, kwa sababu paka mwenye maumivu naye hukoroma. Mlio wa nyau, paka wazima hawautumii sana wao kwa wao. Wanautumia zaidi kwa binadamu, kwa kuwa wameona unafaulu. Na paka anayekimbia kila mtu huenda hakushikwa na mtu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Muda huo ukipita, kumzoesha ni kazi ngumu, na kumkamata kwa mikono ni kujitafutia jeraha.

Mama mjamzito asishughulike na kinyesi cha paka, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mtoto tumboni. Kama hana msaidizi, avae glavu, aondoe kinyesi kila siku na anawe mikono kwa sabuni.

Kuhusu chakula, ugali mtupu haumtoshi paka. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Paka mgonjwa asipewe parasetamoli hata kipande, maana humuua. Apelekwe kwa daktari wa wanyama, au taarifa ifikishwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, ambaye pia ndiye wa kuulizwa kuhusu chanjo na kufunga uzazi.