Intaneti ina kasi, mbona sauti inakatika?

Jirani yangu hapa Kibokoni ni maalim, husomesha Qur'ani kwa simu ya video. Wanafunzi wake wako Muscat na London. Juzi alilipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na bado mtoto akivuta madda sauti hukatika. Utajuaje kama amevuta harakati nne au sita?

Maradhi si kasi. Ni kile mafundi wanachokiita jita, yaani kuchelewa kusikokuwa sawa. Sauti husafiri vipande vipande. Kila kipande kikichukua muda uleule, hata ukiwa mrefu, simu huvipanga na husikii kasoro. Ni kama feri ya Likoni: ukijua kila siku utakaa nusu saa, unajipanga. Lakini leo dakika kumi, kesho saa nzima, utajipanga vipi? Simu nayo huvizuia kidogo vipande vilivyowahi, ikivingoja vinavyokawia. Kinachokawia mno hutupwa, na hapo ndipo neno linapokatika.

Kupima ni rahisi. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt, andika ping -n 20 8.8.8.8. Utaona muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Usidanganywe na wastani ulioandikwa chini. Tazama tofauti baina ya jibu moja na linalofuata. Ukipata 40, 42, 41, 43, tofauti ni 2, 1, 2: hiyo ni shwari. Ukipata 40, 180, 55, 310, tofauti ni 140, 125, 255, wastani wake kama 173. Kwa maongezi, ikipita 30 hivi utaanza kuudhika.

Kisha rudia kwa anwani ya ruta yako, nyingi ni 192.168.1.1. Hapa ndipo utamjua mkosaji. Namba zikitulia hadi kwenye ruta na kuruka nje, pigia kampuni, uwasomee namba na saa ulizopima. Zikiruka hata kwenye ruta, tatizo ni lako nyumbani.

Tulipima kwa maalim baada ya Isha. Zikaruka palepale kwenye ruta! Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziko Mombasa tangu 2009, lakini yeye husomesha orofani, ruta iko ukumbini chini, na baina yake kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Tukapitisha waya ngazini hadi kwenye kompyuta. Namba zikatulia, na kile kifurushi cha zamani amekirudia.